Shukrani za Matopeni Juu

Nchi ninayoisimulia haipo duniani, na wananchi wake wanaishukuru serikali kwa hilo. Jina lake nimelificha kwa makusudi, maana nikilitaja utasema unamjua mtu wa huko, halafu tutaanza kutafutana ubaya.

Katika nchi hiyo hakuna shida. Zamani zilikuwepo, wakati wa utawala uliopita, lakini Bunge lilikaa likazibadilisha jina zikawa changamoto, na changamoto zikahamishiwa mwisho wa risala. Risala, kwa asiyejua, ni maneno anayosomewa mgeni rasmi na mtu mwenye sauti nzuri. Kwa mujibu wa sheria huanza na shukrani, zikafuata pongezi, yakafuata mafanikio, na mwisho kabisa, iwapo muda utaruhusu, changamoto. Mimi nimehudhuria risala tangu nikiwa nabebwa mgongoni na sijawahi kuona muda ukiruhusu. Silalamiki. Mgeni rasmi ana shughuli nyingi na chakula kinapoa.

Mtaa wetu unaitwa Matopeni Juu. Uko nyuma ya mlima, mahali ambapo maendeleo hufika jioni yakiwa yamechoka na kugeuza. Simu huweza kuita huku chini, lakini kuongea unapanda juu ya tangi la maji. Tangi halina maji, lakini lilizinduliwa vizuri sana, na zege lake ni imara. Ukisimama pale juu upande wa mashariki, sauti inaingia. Ndiyo maana tunapaita Posta. Intaneti haiingii hata ukipanda juu ya kichwa cha mtu aliyepanda juu ya tangi, tulishajaribu.

Tungeweza kuishi hivyo, maana tumezoea, kama si habari ya Mama Tunu.

Mama Tunu ni jirani yangu, muuza vitumbua, mjane. Mwanawe, Tunu, hasikii tangu homa iliyompata akiwa ananyonya. Mama na mtoto wakatunga lugha yao ya mikono, jikoni, huku unga ukiumuka. Hakuna mtu aliyewafundisha. Kulikuwa na alama ya mvua, alama ya jirani mmbea, alama ya kitumbua kilichoungua na ya kile kilichoungua kidogo tu ambacho mtoto anaweza kupewa. Mimi mwenyewe nina jina humo. Kunitaja unajikuna shingo, kwa sababu eti hujikuna shingo ninapodanganya. Majirani wanasema mtoto hakukosea.

Tunu alipofika umri wa kusoma, serikali ikampa nafasi katika shule ya viziwi iliyoko makao makuu, safari ya kulala njiani. Jambo zuri, na nitampiga atakayesema si zuri. Mama yake alimpeleka, akamwacha getini, akarudi akiwa amevimba macho.

Muda si mrefu simu ikaita. Tukapanda Posta, mama mbele na mimi nyuma nikimshikia kanga isipeperuke.

"Mama Tunu, shikamoo. Mimi ni mwalimu Rehani wa huku shuleni. Mtoto hali chakula."

"Marahaba, mwanangu. Hali kwa nini? Anaumwa?"

"Hatujui, mama. Wenzake wakienda kula yeye anakwenda kusimama getini. Tukimfuata anatufanyia alama ambayo haimo katika lugha ya alama ya shule. Anagusa kifua, halafu anageuza mkono."

"Anaugeuza kwenda wapi?"

"Anaugeuza tu, mama."

"Polepole au haraka? Na uso wake ukoje?"

"Mama, hii ni simu. Nitakuonyeshaje?"

Mama Tunu akaketi juu ya zege. Katika lugha yao, alama zilizoanzia kifuani na kumalizikia kwenye mkono uliogeuzwa zilikuwa nyingi. Kulikuwa na tumbo linauma, kulikuwa na amenipiga yule, kulikuwa na nataka nyumbani. Mtoto alikuwa anasema jambo, na duniani kote mtu wa kumwelewa alikuwa mmoja tu, naye alikuwa juu ya tangi nyuma ya mlima na hawezi kumwona.

Kumtembelea haikuwezekana. Mzazi hupangiwa siku, asiye nayo hata getini hasogezwi, na siku huombwa kwa mtandao, na mtandao ndiyo huo. Basi mtaa mzima ukakubaliana kwamba tunahitaji intaneti ya nyumbani, ile ya waya, ili Mama Tunu amwone mwanawe akiongea.

*

Bahati ikawa yetu. Waziri wa Mawasiliano na Kasi alikuwa anapita wilayani kukagua mlima. Risala akapewa Mwalimu Ndimbo, mstaafu, ambaye sauti yake ikianza hata kuku husimama.

Sasa lazima nieleze adabu za Matopeni, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu kuomba kitu waziwazi ni ukosefu wa malezi. Unashukuru kwanza, kisha unapewa. Ukiishiwa chumvi unasimama mlangoni kwa jirani na kusema, "Ahsante kwa chumvi, shoga," naye anaingia ndani kuileta. Ukitaka mke unakwenda kumshukuru baba wa binti kwa binti, na mazungumzo yanaanzia hapo. Tumeishi hivyo miaka yote bila kugombana, ila kwenye habari za wake.

Mwalimu Ndimbo aliketi akapiga akili. Changamoto hazipewi muda. Shukrani hupewa. Kwa hiyo ombi letu akalitoa mwisho wa risala akalipandisha mwanzoni, pamoja na shukrani, mahali ambapo hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuwa na haraka. Alipotusomea kwa majaribio tulimbeba juu juu.

Siku ikafika. Waziri akaketi kwenye kochi tuliloliazima kwa fundi seremala. Mwalimu Ndimbo akakohoa.

"Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa. Sisi wananchi wa Matopeni Juu tunaishukuru kwa dhati serikali yetu sikivu kwa intaneti yenye kasi majumbani mwetu, inayomwezesha mama kumwona mwanawe aliye mbali na kuzungumza naye ana kwa ana!"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Waziri akamwinamia katibu wake. Nilikuwa karibu, nilisikia kwa masikio yangu.

"Hivi huku tulipeleka?"

"Wanashukuru, Mheshimiwa."

"Basi tutakuwa tulipeleka."

Akasimama. Macho yalikuwa yamemlegea. "Ndugu zangu," alisema, "kila ninakokwenda ni changamoto, changamoto. Watoto wa watu wanalia kama vile serikali ni baba yao. Leo nimekutana na wananchi! Nendeni mkatambe. Nitalifikisha hili kunakohusika." Akapanda gari. Sisi tukaingia majumbani kuisubiri intaneti, kama unavyomsubiri jirani aliyeingia ndani kuleta chumvi.

Usiku huohuo redio ikatangaza kwamba Matopeni Juu imeunganishwa, na kwamba ushahidi ni wananchi wenyewe, ambao walishukuru bila kulazimishwa na mtu. Kwenye ramani ya taifa tukapakwa rangi ya kijani. Baada ya wiki chache malori yaliyobeba marobota makubwa ya waya yakapita barabara ya chini. Tulikimbia tukapunga mikono. Dereva mmoja akasimama, akatueleza kiungwana kwamba waya ule kwa kweli ulikuwa wetu, umekaa kwenye bajeti miaka mingi, ila kwa kuwa tumeshapata unapelekwa kwa wenye shida. Tukamshukuru. Ulikuwa mdomo tu, umezoea.

*

Mama Tunu hakukata tamaa. Alipanda basi hadi mjini, kwenye duka la intaneti, na mimi nikamsindikiza. Binti wa pale alipokea kitambulisho, akakitazama, akakirudisha mezani.

"Mama yangu, samahani. Nyie wa Matopeni Juu mna ya kwenu."

"Hatuna, binti. Nakuapia."

"Waraka umekuja. Mtu aliyeunganishwa kwao haruhusiwi kutumia ya kwingine. Inaonekana kama anaidharau aliyopewa."

"Nataka kumwona mtoto tu. Nikimwona akifanya mkono mara moja, inanitosha."

Binti akatazama huku na huku. Niliona anataka kusaidia. Lakini juu ya mlango kulikuwa na kamera, na kamera, tofauti na sisi, ilikuwa na intaneti. "Nitafungiwa duka, mama," alisema kwa sauti ya chini, na akamletea maji ya kunywa.

Tukajaribu kurekodi video ya Mama Tunu na kumpa dereva wa basi simu aifikishe shuleni. Simu ikarudi. Mlinzi wa getini alikuwa ameelekezwa kwamba ujumbe kutoka maeneo yaliyounganishwa hupokelewa kwa mtandao tu. Simlaumu, alikuwa akifuata utaratibu, na nchi isiyo na utaratibu ni nchi gani?

Ndipo tulipokwenda kwa Bwana Chilumba, Afisa Shukrani wa Wilaya. Ofisi yake ina zulia. Tulikuwa Mama Tunu, Mwalimu Ndimbo na mimi.

"Karibuni, wenye kasi!" alisema. "Niwasaidie nini?"

Mwalimu Ndimbo, kwa mazoea, akamshukuru kwa kutukubalia.

"Kuwakubalia nini?"

"Kuifuta ile shukrani, mkuu."

Bwana Chilumba aliinuka akafunga mlango. "Wazee wangu, mmelewa? Shukrani ikishapokelewa ni mali ya serikali. Ile yenu imeshasomwa hata nje ya nchi, wafadhili wamelia. Mnataka kusema serikali ilishukuriwa bure?"

"Intaneti haikufika, baba," alisema Mama Tunu.

"Haikufika, na mkapiga makofi?"

"Ndiyo adabu yetu."

"Mnajua adhabu ya kuidanganya serikali kwa kuishukuru?"

"Hatujui."

"Hata mimi sijui. Haijatungwa, maana hakuna aliyewahi kufikiria kwamba watu wanaweza kufanya ukatili wa namna hiyo." Akajifuta jasho. Kisha, kwa kuwa kwa kweli ni mtu mwema, akapunguza sauti. "Ila nimeangalia mambo yenu nikaona kasoro moja. Mlishukuru, lakini mradi haukuzinduliwa. Nikiusukuma kidogo, Waziri atakuja kuzindua. Na siku ya uzinduzi huja gari lenye dishi, intaneti inakuwepo kwelikweli, kusudi picha zitoke moja kwa moja."

Mwalimu Ndimbo akauliza inawezekanaje kuzindua kitu ambacho hakipo.

"Kwani lile tangi lenu mlizinduaje?" Bwana Chilumba alishangaa. Akamgeukia Mama Tunu. "Wewe nitakuweka kwenye ratiba. Utakuwa mnufaika. Utaongea na mwanao mbele ya Waziri. Umeridhika?"

Mama Tunu alipiga magoti palepale kwenye zulia. Sikupenda kumwona hivyo. Lakini siku ile, tukirudi, alicheka ndani ya basi kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya mwalimu Rehani, na mikono yake ilikuwa ikienda yenyewe mapajani, anafanya mazoezi.

*

Gari lenye dishi lilikuja asubuhi. Walipoliwasha, simu zote za Matopeni Juu zikaanza kulia kwa pamoja. Zilikuwa salamu za sikukuu zilizopita, pole za misiba tuliyokwisha kuimaliza, na mzee mmoja alipokea mwaliko wa harusi ya watu walioachana. Watu wakakumbatiana. Nami nilikumbatia mtu ambaye simpendi.

Runinga kubwa yenye kamera ikasimamishwa mbele ya meza kuu, imemtazama Waziri, maana yeye ndiye mgeni. Mama Tunu akawekwa nyuma ya runinga, kwenye zulia jekundu, akiwatazama wageni. Yeye aliona mgongo wa runinga na nyaya zake.

"Baba, mimi sitamwona," alimwambia mshereheshaji.

"Utamwona, mama. Ratiba inaanza na shukrani. Ukimaliza, tunakugeuzia."

Na shukrani zilitakiwa ziwe za mdomo na za mikono pia, ili mtoto ajifunze. Hapo pakatokea tatizo ambalo hakuna mtaalamu aliyelitegemea. Katika lugha ya Mama Tunu na mwanawe hapakuwa na alama ya serikali. Hawakuwahi kuihitaji jikoni. Bwana Chilumba akatunga moja upesi: mikono yote miwili juu.

Picha ikaingia. Tunu alikuwa ameketi kwenye kiti cha ofisi ya shule, sare imempwaya, mashavu yameingia ndani. Sisi tulisimama nyuma ya Waziri, kwa hiyo alituona sote. Alitutafuta mmoja mmoja kwa macho, akanifikia mimi, akajikuna shingo. Nililia. Sioni aibu kusema.

Kisha akaanza kuongea. Aligusa kifua, akageuza mkono. Akatafuta kwenye kioo. Akarudia.

Nyuma ya runinga mama yake alikuwa akiishukuru serikali. Alimshukuru Waziri, akamshukuru Mkuu wa Mkoa, akamshukuru Mkuu wa Wilaya, na kila alipodhani amemaliza, mshereheshaji alimnong'oneza jina jingine. Alizitoa haraka haraka, anakaribia kukimbia, mpaka Bwana Chilumba akampungia apunguze mwendo. Alipomaliza, Waziri akachukua kipaza sauti ili amwase mtoto.

"Tunu! Soma kwa bidii!"

Tunu akamtazama.

"Nasema, soma kwa bidii!" Waziri alirudia kwa sauti kubwa zaidi, na fundi akaongeza spika. Mtoto asiyesikia hakujibu. Waziri akatuambia kwamba amefurahishwa na unyenyekevu wake.

Ndipo runinga ikageuzwa.

Mama Tunu alimwona mwanawe. Mtoto naye akamwona mama, akaruka kutoka kwenye kiti, akaifanya ile alama kwa nguvu, kifua, mkono, na kidole kikaonyesha chini miguuni pake. Kidole kile hakuna mwalimu aliyekitaja kwenye simu. Nilimwona Mama Tunu akishika mdomo. Alikuwa ameelewa. Akainua mikono yote miwili kumjibu.

"Na kwa kuwa muda hauruhusu," alisema mshereheshaji, "tumpigie makofi mnufaika wetu!"

Wapiga picha wakapiga picha. Runinga ikazimwa. Waziri alikuwa anasubiriwa kwenda kuzindua mtaa mwingine, na dishi ni moja kwa wilaya nzima. Mama Tunu alilikimbilia gari, mikono ikiwa bado juu, na askari mmoja, kijana mpole, akamrudisha akimwambia shukrani zake zimepokelewa.

*

Jioni nilimkuta ameketi kwenye ngazi za tangi.

"Alikuwa anasema nini?" nilimuuliza.

"Anarudia maneno yangu," alisema. "Nikienda sokoni nilikuwa namwacha mlangoni namwambia: Nakuja sasa hivi, usitoke hapo. Siku ile shuleni alining'ang'ania sketi, analia. Nikashindwa kuondoka. Nikamwambia hivyo. Nakuja sasa hivi, usitoke hapo."

Niliketi kwenye ngazi ya chini yake.

"Anasubiri, jirani. Haendi kula ili nikija nisimkose. Nilikuwa nataka kumwambia neno moja tu, linaanza na mikono juu, wakazima sijalimaliza. Nenda."

Tulipanda Posta tukamweleza mwalimu Rehani. Yule mwalimu alijitahidi, Mungu amlipe. Alifundishwa kwa simu namna ya kufanya alama ya nenda, akaenda getini akaifanya. Tunu alimtazama kwa adabu, akatikisa kichwa. Na hapo kosa halikuwa la mwalimu. Mama yake alikuwa amemfundisha, kwa kuogopa watu wabaya, kwamba akiachwa mlangoni asiondoke kwa kuitwa na mtu yeyote, hata anayemjua, mpaka aone mikono ya mama.

Mwalimu Ndimbo ameandika risala nyingine. Mwanzo alikusudia iwe na ombi tupu, waziwazi, bila shukrani hata moja. Alikesha. Kulipokucha karatasi ilikuwa na maneno "Mheshimiwa mgeni rasmi" na chini yake hakuna kitu. Hatukumcheka, maana kila mmoja wetu alijaribu kumsaidia akashindwa.

Juzi simu iliita tena. Nilishika kanga, mama akashika simu, akaweka sauti ya juu nami nisikie.

"Mama Tunu, shikamoo. Nina habari njema!" Mwalimu Rehani alikuwa anahema. "Wizara imebandika mabango mji mzima. Picha ni yako, mama! Umeinua mikono yote miwili, chini pameandikwa Matopeni Juu Tunashukuru. Na moja limebandikwa hapa kwetu, ukutani, mkabala na geti."

"Tunu ameliona?"

"Ameliona! Amefurahi, mama, amelibusu. Ila sasa," mwalimu akasita, "sasa haondoki kabisa. Hata usiku tunambeba. Anakaa anaitazama ile mikono yako. Sijui nikueleze vipi. Ni kama anasubiri umalize."

Mama Tunu alinipa simu. Akageuka kuelekea upande wa makao makuu, nyuma ya mlima, akainua mikono yote miwili kama kwenye bango, na safari hii akaimalizia ile alama. Kisha akaianza upya. Nenda. Nenda, mwanangu, kale. Upepo ulikuwa umemvua kanga na hakuiokota.

"Haloo?" simu ilisema mkononi mwangu. "Mama Tunu? Haloo? Mbona kimya, mama, upo?"

"Yupo, mwalimu," nilimwambia. "Anaongea."